Nduthi Yako Inalala Wapi? Rada kwa Wasee wa Kitale na Bungoma

Ukiuliza msee wa boda mbona analaza nduthi ndani ya nyumba, jibu ni moja tu: wezi. Hapo hatubishani. Lakini kuna hasara nyingine inapiga wasee usiku na hakuna mwizi amepita. Nduthi imeanguka yenyewe, leva ya klachi imekatika, saiti mira imeenda, petroli imemwagika hadi asubuhi. Na kama bado unailipia mkopo, siku ya fundi bado inahesabiwa. Bima ya mtu wa tatu haikusaidii hapo pia, kwa sababu inalipa yule uliyemgonga, si nduthi yako.

Wacha tuanze na ile inaweza kuua. Wengi wetu, iwe Tuwan ama Kanduyi, tunaishi chumba kimoja: kitanda nyuma ya pazia, jiko kwa kona, nduthi mlangoni. Shida ni mvuke wa petroli. Huo mvuke ni mzito kuliko hewa, kwa hivyo haupandi juu utokee kwa mabati. Unatambaa chini kwa sakafu hadi ukutane na jiko, koroboi ama meko ya gesi. Na usidhani baridi itakuokoa. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na asubuhi meno yanagongana, lakini petroli inatoa mvuke wa kushika moto hata kwa hiyo baridi.

Inavuja wapi? Mara nyingi kwa kabureta. Vumbi ya murram ikiingia, ile sindano ndogo ya kufunga mafuta haikai vizuri, na petroli inadondoka polepole kupitia mpira wa chini. Dawa yake haina gharama: funga tapu ya tanki kila jioni. Iko pale chini ya tanki, imeandikwa ON, OFF na RES. Wasee huizungusha tu mafuta yakiisha, halafu wanasahau kuna OFF.

Kama lazima ilale ndani, isizibe mlango. Hiyo ndio naona watu wanacheza nayo sana. Chumba kina mlango mmoja, dirisha lina grili, na katikati ya mlango umeweka chuma ya zaidi ya kilo 100 yenye petroli. Moto ukitokea mtapita wapi na watoto? Afadhali mkae chini na landilodi na majirani wenye nduthi, mjenge kibanda cha mabati ndani ya kompaundi, mchimbie chuma na simiti, na kila mtu afunge yake hapo na cheni. Mkichanga hamtaumia.

Ukisikia harufu ya petroli usiku, usiwashe kiberiti, usiguse swichi ya stima. Fungua mlango, toa watu, kisha sukuma nduthi nje. Na usiwahi kupasha injini moto ndani ya nyumba, hata kama mvua inanyesha. Ule moshi una kaboni monoksidi, gesi haina harufu na inaua mtu akiwa amelala.

Sasa stendi. Ile ya kando ni ya kushuka ununue maziwa, si ya kulalia. Mvua za Aprili zikianza, ardhi inalegea na stendi inazama pole pole kama kisu kwa ugali. Tumia stendi kubwa, na chini yake weka kipande cha mbao ama jiwe bapa. Kama ni mteremko, elekeza tairi ya mbele juu na uache gia ya kwanza ndani. Kwa steji acheni nafasi ya mkono kati ya nduthi na nduthi, kwa sababu moja ikianguka zinafuatana zote.

Wale wa Kiminini, Endebess, Kimilili na Chwele wana stoo ya mahindi nyumbani, na wengi huingiza nduthi humo. Sawa, lakini cheki ni nini kingine kiko ndani. Mbolea kama CAN inavuta unyevu na chumvi yake inakula cheni, spoku na rimu, na pia si kitu ya kumwagikiwa petroli. Mahindi nayo huita panya, na panya wakimaliza gunia wanahamia waya za nduthi. Kuku je? Wakilala kwa siti, asubuhi utaosha kabla ya kubeba mteja wa kwanza.

Kava ni poa, lakini ngoja kama nusu saa eksosi ipoe kwanza, la sivyo plastiki inashikana nayo. Usiifunge kabisa hadi chini. Umande ukinaswa ndani, kutu inaanza. Watoto pia waweke mbali hiyo nusu saa. Eksosi moto huchuna ngozi ya mguu vibaya.

Na ukiamka uipate imelala kwa ubavu? Funga tapu, inua, iache isimame dakika kadhaa petroli ikauke. Angalia oili, leva zote mbili na kama hendo imepinda. Jaribu breki ukiwa umesimama, ndio upige kiki.

Unasafiri mwezi mzima? Mwachie mtu unayemwamini, si keja iliyofungwa. Toa waya ya betri upande wa hasi, paka cheni oili, funga tapu, kisha mwaga petroli iliyobaki kwa kabureta, nje, mbali na moto. Na kama ulipitisha kufuli ama cheni kwa spoku, funga kitambaa chekundu kwa hendo. Ukirudi na haraka ya steji, hicho kitambaa ndicho kitakukumbusha kabla hujang'oa spoku zote.