Drukqs ya Aphex Twin: Ngoma 30, dakika 100, na zile unaweza kuruka

Kama uko TikTok, pengine ushaiskia QKThr bila kujua jina. Ni ile sauti ya huzuni, kama akodiani inapumua polepole, yenye watu huwekea video za majonzi. Hiyo ngoma si ya juzi. Imetoka kwa albamu ya 2001 yenye mashabiki bado wanaibishania: Drukqs ya Aphex Twin.

Huyu msee ni nani?

Jina lake ni Richard D. James. Alizaliwa 1971 Limerick, Ayalandi, akalelewa Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza. Anatengeneza muziki wa mashine na kompyuta, na huutoa kwa majina kibao: AFX, Polygon Window, The Tuss na mengine. Jamaa hachoki. 2015 alimwaga zaidi ya ngoma 200 SoundCloud, bure kabisa, zile zilikuwa zimelala tu kwa stoo.

Albamu ilitokaje?

Warp Records waliitoa Oktoba 2001. Miaka miwili kabla, Windowlicker ilikuwa imewafanya watu wangoje kitu kubwa. James alieleza kwa mahojiano kuwa alisahau kwa ndege kifaa chenye kilikuwa na ngoma zake hazijatoka, akaona heri azitoe mwenyewe kabla mtu azivujishe. Ukijua hiyo stori, unaelewa mbona Drukqs inakaa kama droo imemwagwa mezani.

Ndani kuna nini?

Diski mbili, ngoma 30, karibu dakika 100. Majina mengi ni ya Kicornwall, lugha ya zamani ya kwao, kwa hivyo usijiumize ukijaribu kuyatamka.

Kuna familia mbili hapa. Ya kwanza ni midundo yenye inakimbia ikijikata vipande vipande, kama Vordhosbn na 54 Cymru Beats. Ya pili ni piano za upole, kama Jynweythek na Nanou 2. Hizi mbili zimechanganywa bila huruma. Unatulizwa, halafu unachapwa kofi.

Wakosoaji walikuwa na makosa?

Nusu tu. Wengi walisema ni ndefu sana na kwamba James anarudia kile alishafanya. Ukweli uko hapo. Gwarek 2 ni zaidi ya dakika sita za kelele na mayowe, na wengi wetu tutaruka. Bit 4 ni sekunde chache tu, hata hujajua imeanza. Lornaderek ni wazazi wake wakimwimbia wimbo wa bathdei kwa simu: tamu kwa familia, lakini wewe utaiskiza mara ngapi?

Lakini angalia zenye zimedumu. Avril 14th ni dakika mbili na sekunde kidogo. Inachezwa na Disklavier, piano ya Yamaha yenye huendeshwa na kompyuta, na ukiskiza kwa makini unaskia hata vitufe vikigonga. Sofia Coppola aliiweka kwa filamu ya Marie Antoinette, 2006. Kanye West akaijengea Blame Game, 2010. Kisha TikTok ikaichukua QKThr, yenye ni fupi hata zaidi.

Sasa fikiria mtu angemwambia James apunguze albamu ibaki ngoma 12 kali. Drukqs ingekuwa safi, na pengine ingesifiwa zaidi. Lakini QKThr, hako ka dakika moja na kitu, ingekuwa ya kwanza kutupwa. Ndio shida ya msanii wa kutoa mob: takataka na dhahabu ziko kwa gunia moja, na siku ya kutoa hakuna mwenye anajua ni gani ni gani.

Uanzie wapi?

Usiskize zote kwa mpigo, utachoma bando na ukate tamaa. Usiku anza na Avril 14th, QKThr, Jynweythek na Nanou 2. Ukizipenda, siku nyingine weka sauti juu ujaribu Vordhosbn, halafu Mt Saint Michel + Saint Michaels Mount. Zingine utazifikia polepole. Na kuna moja yenye utairuka leo, halafu miaka kumi baadaye ikulize.