Kamera Zilizozimwa

Sydney, 26 Desemba 1908. Katika raundi ya 14 polisi walisimamisha pambano, na kamera zikazimwa kabla hazijamnasa Tommy Burns akimalizwa. Jack Johnson, Mmarekani mweusi, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu.

Wanaume weupe walioamini kwamba ngumi ndiyo kipimo cha uanaume walimrudisha ulingoni Jim Jeffries, bingwa aliyekwisha kustaafu. Johnson akamshinda Reno, 4 Julai 1910. Mwaka 1912 sheria ikakataza kusafirisha filamu za ndondi kati ya majimbo ya Marekani.

Nikiitazama filamu ya Reno, namwona mtu anayekinga, anayesubiri, anayepiga hesabu. Wengi wao waliona misuli tu. Leo mtangazaji wa soka akimsifu mweusi kwa nguvu na mweupe kwa akili, nasikia kamera ya Sydney ikizimwa tena.