Ufa Haudanganyi: Kutoka Beit al-Ajaib hadi Mofu

Bibi harusi akiingizwa nyumba ya ukweni, hutazama kitanda, mapazia na makasha. Leo naomba tutazame kuta.

Sisi wa Unguja tumelelewa na nyumba za mawe. Wazee walijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vingi vya Mji Mkongwe ni vyembamba, kwani boriti haikufika mbali. Mwaka 1883 Sayyid Barghash alijenga Beit al-Ajaib, kubwa kupita zote, kwa nguzo za chuma na baraza pana. Ilistahimili mizinga ya Waingereza ya 1896. Maji ndiyo yaliyoishinda. Mvua ilipenya paa na kuta miaka na miaka, mwaka 2012 sehemu ya baraza ikaanguka, na tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, upande mmoja wa jengo uliporomoka. Watu wawili walifariki. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Wengi wetu huolewa bara pia. Ukifika Mofu, bonde la Kilombero, hakuna matumbawe. Kuna udongo mweusi wa mbugani, ambao masika hunywa maji ukavimba, na kiangazi hukauka ukapasuka. Nyumba ya tofali iliyokaa juu yake hunyanyuka na kushuka nao. Wandamba walilijua bonde lao: msimu wa mpunga walihamia mashambani, wakalala kwenye dungu lililoinuliwa juu ya miti, maji yakapita chini. Nyumba nyepesi ya miti na udongo ikiharibika, ilikandikwa upya. Ukuta mzito wa leo hausamehe hivyo.

Basi dada, usome ufa. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta mara nyingi ni plasta tu. Ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha au mlango, mpana juu kuliko chini, na mlango ulioanza kukwama, ni dalili kwamba msingi unatembea. Weka alama ya kalamu kwenye ncha zake, andika tarehe, pima upana, rudia kiangazi na masika. Ukikua, mwite fundi mwashi mzoefu au mhandisi kabla ya kupaka rangi. Maji ya paa yaelekezwe mbali na msingi. Na nyumba ya chokaa izibwe kwa chokaa. Saruji huufungia unyevu ndani ya ukuta.

Katika Suratut Tawba, aya ya 109, tumepigiwa mfano wa jengo lililowekwa ukingoni mwa korongo linalomomonyoka. Mfano huo ni wa imani, lakini aliyeishi Mofu anaufahamu kwa macho. Kumwambia mume au mama mkwe, "Ukuta huu unanitia hofu," si utovu wa adabu. Ni amana ya roho zitakazolala chini ya paa hilo.