Nkoaranga: Misheni Iliyorudi Meru

Usharika wa Nkoaranga, kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Meru, huhesabu umri wake tangu 1902. Hesabu hiyo ni sahihi, ila inairuka miaka sita ambayo si rahisi kuisimulia siku ya sherehe.

Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walitoka Kilimanjaro, ambako wenzao walikuwa wameanza kazi Machame mwaka 1893, wakapiga hema Akeri, huko Meru. Usiku wa kuamkia tarehe 20 walivamiwa na vijana wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha, wakauawa pamoja na Wachagga waliofuatana nao. Kanisa limewaita mashahidi wa imani, na sina ugomvi na jina hilo. Lakini Kapteni Johannes wa jeshi la Kijerumani na askari wake walikuwa wamepiga kambi jirani. Kijana wa Meru angewezaje kujua kwamba mhubiri na askari hawakutumwa na bwana mmoja?

Kisasi cha Johannes, akisaidiwa na wapiganaji wa Kichagga, kiliua watu wengi. Ng'ombe waliswagwa, migomba ikafyekwa. Mwaka 1900 Mangi Lobulu wa Meru alinyongwa huko Moshi.

Hiyo ndiyo nchi aliyoikuta Arno Krause alipokuja kufungua kituo Nkoaranga mwaka 1902. Alipaswa kuhubiri msamaha kwa watu walioadhibiwa kwa sababu ya vifo vya wahubiri. Wenye mashamba yaliyofyekwa nao walipaswa kuamua kama watamsikiliza. Miaka miwili baadaye Ilboru ilifunguliwa kwa Waarusha, na polepole watoto wakaanza kuonekana madarasani.

Kisha, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani. Kwangu mimi, hapo ndipo wito ulipopimwa hasa. Walimu wenyeji ndio waliobaki kufundisha, kuongoza ibada na kuzika wafu, bila bodi ya Leipzig nyuma yao, hadi Walutheri wa Augustana wa Marekani walipofika katika miaka ya 1920. Vita ya Pili ilipozuka, Wajerumani waliokuwa wamerudi wakaondolewa tena.

Mengine yanajulikana: Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) liliundwa 1963, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Dayosisi ya Meru ikazaliwa katika mgogoro mkali uliowagawa hata ndugu wa nyumba moja. Safari hii upinzani ulitoka ndani ya kanisa lenyewe. Hata hivyo, Hospitali ya Nkoaranga inaendelea kupokea wagonjwa.

Majina ya Ovir na Segebrock hayatapotea; ya wale walimu wenyeji yanaweza kupotea. Ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu kuna picha, cheti cha ubatizo au simulizi ya mwalimu aliyeshika usharika wakati Wajerumani hawapo, ipeleke kwa mchungaji wako iandikwe wakati wazee wanaoikumbuka bado wapo.