Nani Anastahili Ukurasa? Umaarufu na Kujipigia Debe katika Mpaka wa Busia na Malaba

Moody Awori, kwa miaka mingi mbunge wa Funyula, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2003 hadi mwanzoni mwa 2008. Ndugu yake, Aggrey Awori, aligombea urais wa Uganda mwaka 2001 na baadaye akawa waziri wa teknolojia ya habari katika serikali ya Museveni. Baba yao ni mmoja, Kasisi Jeremiah Awori. Katika Wikipedia, kamusi elezo inayoandikwa na yeyote anayejitolea, kila mmoja ana ukurasa wake: huyu mwanasiasa wa Kenya, yule mwanasiasa wa Uganda. Hakuna anayehoji kwa nini wamo. Mjadala huanza pale unapotoka kwenye boma la akina Awori na kuuliza habari za majirani.

Wikipedia ilizinduliwa Januari 2001, na toleo la Kiswahili likafuata mwaka 2003. Mwanzoni mlango ulikuwa wazi, na kila aliyepita aliingiza alichokipenda: bendi ya shuleni, duka la mjomba, shairi lake mwenyewe. Kanuni ya umaarufu ilizaliwa na fujo hiyo. Inasema, kwa ufupi, kwamba mtu au kitu hupata ukurasa ikiwa watu wasio na maslahi naye wameshamwandika kwa kina mahali panapoaminika, yaani gazetini, kitabuni au kwenye jarida la kitaaluma. Wachache hupita kwa urahisi zaidi. Katika Wikipedia ya Kiingereza, mbunge wa taifa hudhaniwa anastahili hata kabla ushahidi haujakusanywa. Diwani hapewi heshima hiyo. Mwakilishi wadi wa Malaba anafahamika kwa kila mama anayeuza nyanya kando ya foleni ya malori, lakini mbele ya kanuni lazima aonyeshe magazeti.

Basi swali la umaarufu ni swali la karatasi. Na huku mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miji ya Busia na Malaba, karatasi ina historia yake.

Mpaka huu haukuwa hapa. Hadi 1902 nchi yote ya magharibi mwa Kenya ya leo, mpaka Naivasha, ilihesabiwa chini ya Uganda. Tarehe 1 Aprili mwaka huo Mkoa wa Mashariki wa Uganda ukahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, na jamii za hapa, Wasamia na Wateso, wakaanza kuwa watu wa nchi mbili. Waingereza walitawala eneo hili kwa kuutegemea ufalme wa Wanga. Mwaka 1909 walimtangaza mfalme wake, Nabongo Mumia, kuwa chifu mkuu, na mawakala wa Wanga wakawekwa juu ya jamii ambazo hazikuwaomba, Wateso wakiwemo. Mumia akaandikwa katika ripoti za madisii, katika barua za wamishonari, na hatimaye vitabuni. Wazee wa Kiteso waliowapinga mawakala hao waliandikwa pia, ila mara nyingi kama tatizo la utawala na si kama watu wenye majina na ukoo. Anayemtafuta Mumia leo kwenye kamusi elezo atampata. Anayewatafuta wapinzani wake itabidi awe na subira.

Miaka ya 1920 reli ilipita Malaba kuelekea Tororo, ikaleta karatasi za aina nyingine: ratiba, ushuru, tani za pamba. Forodha ikaongeza zake. Hivyo miji hii miwili ikaandikwa sana kama mahali pa kupitia, na kidogo sana kama mahali pa kuishi. Hata leo, ukisoma habari za Malaba katika magazeti ya Nairobi, utakuta foleni ya malori, mgomo wa madereva, vipimo vya korona vya 2020, au kituo cha pamoja cha mpakani kama kile cha Busia ambacho marais Uhuru Kenyatta na Museveni walikifungua Februari 2018. Mji una ukurasa. Wenyeji wake ni umati usio na majina.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni bodaboda. Simulizi inayokubalika ni kwamba kazi hii ilianzia hapa mpakani katika miaka ya 1960 na 1970, vijana wa baiskeli wakiwabeba wasafiri na mizigo yao kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda. Leo biashara hiyo imeenea Afrika Mashariki nzima, imeandikiwa tasnifu na sheria, na ukurasa wake kwenye kamusi elezo hauna mpinzani. Lakini nani alipiga pedali ya kwanza? Mzee akijitokeza Busia na kusema ni yeye, mhariri atamwomba chanzo kisichofungamana naye. Hana. Wateja wake walikuwa akina mama wenye magunia, na wakati ule hakuna mwandishi wa habari aliyeona cha kuandika. Akisisitiza, ataambiwa anajipigia debe. Wapo pia wasiotaka kuandikwa kabisa: waliotajirika kwa magendo ya kahawa ya Uganda katika zama za Idi Amin wangeshukuru sana kama kamusi elezo ingewasahau.

Afrika imewahi kuifikisha kanuni hii mbele ya hadhara mara kadhaa. Septemba 2007 Jimmy Wales, mwanzilishi mwenza wa Wikipedia, alianzisha ukurasa mfupi kuhusu Mzoli's, bucha na mahali pa nyama choma huko Gugulethu, Cape Town. Ukafutwa ndani ya dakika 22. Ulinusurika baada ya ubishi mrefu, na wengi waliuliza ungenusurika vipi kama aliyeuanzisha angekuwa mtoto wa Gugulethu mwenyewe. Malaba ina mahali pa nyama choma ambapo madereva kutoka Mombasa hadi Kigali hupajua; sioni ukurasa wake ukipita salama kwa mwenendo huu.

Kisha Machi 2010 ikaja zamu ya Kenya. Bendi ya Just a Band ilitoa video ya wimbo "Ha-He" yenye shujaa anayeitwa Makmende, na kwa wiki kadhaa mtandao wa Kenya haukuzungumza kingine. Wakenya walipomwandikia Makmende ukurasa katika Wikipedia ya Kiingereza, ulifutwa zaidi ya mara moja. Wahariri wa mbali waliona jina wasilolijua na mzaha. Alikubaliwa baada ya waandishi wa nje kuanza kumtaja. Mtafiti wa Marekani Ethan Zuckerman aliandika juu ya kisa hicho wakati huohuo, na tangu hapo kimekuwa mfano wa kawaida katika mijadala ya nani anaamua kilicho maarufu. Mimi huona jambo moja dogo ndani yake: Makmende alikuwa na Nairobi nyuma yake, yenye kamera, blogu na marafiki ughaibuni. Busia haikuwa na hata hayo.

Hata hivyo siko tayari kuwalaumu wafutaji. Kujitangaza ni ugonjwa wa kweli, na ulianzia juu. Mwaka 2005 Wales mwenyewe alikutwa amehariri ukurasa unaomhusu, akipunguza nafasi ya mwenzake Larry Sanger katika kuanzishwa kwa mradi. Mwaka 2015 akaunti 381 zilifungiwa katika kashfa ya Orangemoody: watu walioandika kurasa kwa malipo na kuwadai fedha wale ambao kurasa zao zilikuwa zimekataliwa. Wakabidhi, yaani wasimamizi, wa Wikipedia ya Kiswahili ni wachache, na msanii chipukizi anayebandika wasifu wake huwaachia kazi ya kuusafisha au kuufuta. Wala tabia hii haikuletwa na intaneti. Vitabu vya Who's Who, ambavyo Afrika Mashariki ilipata toleo lake miaka ya 1960, kwa desturi humpelekea mtu fomu aijaze mwenyewe. Tofauti ni kwamba fomu ile ilifika kwa waliokwisha kuchaguliwa.

Kinachoniudhi ni kwamba kanuni hii humbana vibaya zaidi yule asiye na hila. Mwenye fedha hununua habari gazetini kwanza, kisha anaitaja kama chanzo huru. Mzee wa baiskeli husema ukweli kwa mdomo wake mwenyewe, na hapo ndipo anapoanguka.

Njia ya kutoka ilishajaribiwa katika eneo hilihili, kabla hata ya kompyuta. Tayari mwaka 1961 mwanahistoria Jan Vansina alikuwa ametoa kitabu chake cha kutetea masimulizi ya mdomo kama chanzo cha historia. Huku magharibi mwa Kenya, John Osogo alichapisha historia ya Waluhya mwaka 1966, na mwaka uliofuata Gideon Were akatoa ya kwake. Lakini kazi ya Were ninayoithamini zaidi ni ile nyingine ya mwaka huohuo wa 1967, mkusanyo wa maneno ya wazee wa Kiluhya, wa Kiteso na wa Kikalenjin wa Elgon. Kilichokuwa simulizi za jioni kikawa chanzo kinachonukulika. Mwaka 2011 mtafiti Achal Prabhala alipofanya mradi wa kuishawishi Wikipedia ikubali nukuu za mdomo, akirekodi watu India na Afrika Kusini, alirudia hoja ambayo wanahistoria wa Afrika walikuwa wameipigania nusu karne kabla. Wahariri wengi walimpinga kwa sababu ileile: msimulizi ana maslahi.

Bila shaka anayo. Kila anayekusanya masimulizi ya aina hii hukuta kila ukoo ukijiweka mbele: sisi ndio tuliofika kwanza, sisi ndio tuliomkaribisha fulani, wale walikuwa wageni wetu. Wanahistoria hao hawakuwafukuza wazee kwa kujisifu. Walimsikiliza mmoja, wakavuka kijito kwenda kwa jirani aliyemchukia, wakayaweka maneno yote mawili kwenye karatasi moja pamoja na jina la kila msemaji na ukoo wake. Wazee wa baiskeli wa Busia na Malaba, wenye madai yao ya kuwa wa kwanza na wapinzani wao upande wa pili wa lango, bado hawajafanyiwa kazi hiyo.