Dawa bila kipimo: kutoka shamba ya mkonge mpaka ngozi ya mutoto yangu



Leo siandiki juu ya viazi wala kahawa. Naandika juu ya pomadi. Najua kuna wenye watasema: agronomu anaingilia nini mambo ya baganga? Musome kwanza, mutaona shamba iko ndani.

Mutoto yangu wa kwanza alizaliwa hapa Majengo. Alipofika miezi 3, mashavu yakaanza kuwa mekundu na kukwaruza kama makoro. Kisha ikashuka ndani ya viwiko na nyuma ya magoti. Usiku alikuwa anajikuna mpaka damu inabaki kwenye shuka. Mama yangu akasema ni vumbi ya barabara. Jirani akasema ni maji ya bidoni. Tate akasema ni joto mutoto alitoka nayo mu tumbo ya mama yake. Akachemsha majani ya muravumba, tukamuosha nayo. Siku zingine alipata nafuu, siku zingine alilia zaidi.

Siku moja mama akarudi na kikopo ya pomadi. Haikuwa na kartoni, wala karatasi ya maelezo. Muuzaji alimwambia: "Mama, pakaa tu asubui na mangaribi, utaniletea jibu." Tukapakaa. Siku 3 tu, ngozi ikawa laini. Mama akapiga vigelegele. Tukaendelea miezi 2, mwili muzima, na uso pia.

Kisha tukaona mishipa midogo kwenye mashavu, ngozi imekuwa nyembamba kama karatasi ya kitunguu. Tukaacha kwa woga, na ugonjwa ukarudi na nguvu kuliko mbele. Munganga tuliyemupelekea alishika kikopo, akaigeuza, akasoma herufi ndogo za chini: klobetasoli. Akaniuliza: "Papa, nani alikuandikia hii?" Nikanyamaza.

Hapo njo haya ilinishika. Kazi yangu ni kuzunguka kwa wakulima wa viazi upande wa Kibumba, kuwafundisha dozi ya dawa za mimea. Mukulima akipima mankozebu na kopo ya tomati, namukataza. Namwambia soma etiketi, pima gramu, vaa glavu. Na mutoto yangu mwenyewe nilimupakaa kitu sikusoma hata jina yake.

Nikaanza kutafuta: hii dawa ilitoka wapi?

Ugonjwa kwanza. Kwa Kifaransa tunasema ekzema, na baganga wanaita aina hii damatitisi ya atopia. Ernest Besnier wa Paris aliieleza mwaka 1892: ngozi inayowasha kwa muda mrefu, inayotembea mu familia pamoja na pumu. Mwaka 1933, Fred Wise na Marion Sulzberger wa New York wakaipa jina inalobeba mpaka leo. Si uchafu, si uchawi, na haiambukizi. Ngozi ya mutoto haishiki maji vizuri, na kinga ya mwili inakasirika haraka. Vumbi, jasho na sabuni kali vinaichokoza. Kwa hiyo wazee wangu wote walikuwa wameshika kipande cha ukweli.

Kwa dawa, historia inaanza na ugonjwa mwingine. Mwezi wa 9 mwaka 1948, kwenye kliniki ya Mayo huko Marekani, Philip Hench na wenzake walidunga mwanamke aliyelemazwa na maumivu ya viungo. Walimudunga kortizoni, kitu ambacho Edward Kendall alikuwa amekichunguza miaka mingi. Siku chache tu akaanza kutembea vizuri. Mwaka 1950 Hench na Kendall walipata tuzo ya Nobel, pamoja na Tadeus Reichstein wa Basel, Uswisi.

Shida ilikuwa malighafi. Kortizoni ya kwanza ya kiwanda ilitoka kwenye nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30 za kemia. Ng'ombe wangetosha wapi? Hapo wanakemia wakageukia mimea, na wakaanza mbio ya dunia nzima. Wamoja walikuja Afrika kutafuta strofantusi, muti ambao wawindaji wetu wa zamani walipakaa sumu yake kwenye mishale. Wengine walishika viazi vikuu vya pori vya Mexico. Waingereza, wao, wakapata mkonge, ile tunaita sizali.

Mu somo la mimea ya viwanda nilifundishwa sizali ni kamba na magunia, basi. Hakuna aliyenitajia ngozi.

Mkonge si muti wa Afrika. Uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na agronomu Mujerumani, Richard Hindorf. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ni 62 tu. Ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka hiyo miche 62 ikazaliwa mali kubwa: mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za nyuzi kwa mwaka na kuongoza dunia. Waliokata majani waliitwa manamba, juu ya namba za mikataba yao, na wengine walitoka mbali mpaka Burundi. Maji ya mkonge yanawasha. Yakimwagikia mikono, ngozi inavimba na kuchoma.

Sasa wenzangu wa agro, mushike hesabu hii. Mu kilo 100 za majani ya mkonge, nyuzi ni kama kilo 4. Zingine zote ni maji na makapi, na mashine za korona zilikuwa zinayamwaga tu. Mwaka 1951, Callow, Cornforth na Spensley, watafiti wa Uingereza, wakatangaza kwamba ndani ya takataka ya mkonge wa Afrika Mashariki kuna hekojenini ya kutosha. Molekuli hiyo iko tayari na oksijeni karibu sana na pahali kortizoni inaihitaji. Kuisogeza hatua moja ni rahisi kuliko kuanza na nyongo. Kampuni ya Glaxo ikaishika hekojenini na kutengeneza nayo dawa za familia ya kortizoni.

Yaani maji yaliyokuwa yanachoma mikono ya manamba njo yakatoa dawa ya ngozi inayochoma.

Ngozi yenyewe iliingia mu historia hii mwaka 1952. Sulzberger, yule yule wa jina ya ugonjwa, na Victor Witten walipakaa hidrokortizoni moja kwa moja kwenye ngozi ya wagonjwa wa ekzema, na ikafanya kazi. Kisha wanakemia wakatafuta zenye nguvu zaidi. Lakini utapima vipi nguvu ya pomadi? Mwaka 1962 McKenzie na Stoughton wakapata njia: pakaa tone kwenye mukono wa mutu muzima wa afya, ungoja masaa, uangalie ngozi imepauka kiasi gani. Dawa inabana mishipa midogo ya damu. Ngozi ikipauka zaidi, dawa iko na nguvu zaidi. Kwa njia hiyo wakachagua betametazoni valereti, na mu miaka ya 1970 klobetasoli, ambayo ni kati ya zenye nguvu kuliko zote.

Klobetasoli ni dawa nzuri. Kwa ngozi nene ya kiganja, siku chache, chini ya jicho ya munganga, inaokoa mutu. Lakini ukiipakaa wiki na wiki, inafanya kitu kingine: inapunguza rangi ya ngozi na kuikondesha. Wauzaji wakaona soko hapo. Njo maana leo dawa ya ekzema inakaa kwenye meza moja na losio za kujichubua, bila karatasi. Karatasi ingesema: si kwa uso, si kwa mutoto mudogo, si kwa miezi. Jirani zetu Rwanda walianza msako mukali wa bidhaa za kujichubua mwishoni mwa mwaka 2018. Lakini bidhaa haisomi sheria. Inatembea na mama mwenye anataka mutoto yake alale.

Hapo rafiki moja wa promosio akanitumia video ya Korea ya Kusini: "Achana na kemikali, Wakorea wanatibu ekzema na mimea." Nikataka kucheka, kisha nikasoma. Na nilikuta kitu. Wakorea wa zamani waliita ekzema ya watoto wachanga taeyeol, maana yake joto la tumbo la mama. Nikamusomea Tate. Akasema: "Unaona? Nilikuambia."

Kwa hiyo wazo ya Tate na ya Wakorea ni moja. Tofauti iko wapi? Mwaka 1596 mfalme Seonjo aliagiza kitabu cha dawa, na munganga wake Heo Jun akafanya kazi mpaka kikachapwa mwaka 1613, juzuu 25. Kinaitwa Dongui Bogam, na UNESCO ilikiweka mu kumbukumbu za dunia mwaka 2009. Mimea ya nchi yao, Heo Jun aliiandika na majina ambayo mwanakijiji anayajua, kwa herufi za Kikorea, na kipimo cha kila dawa. Leo munganga wa asili wa Korea anasoma miaka 6 chuoni na kupewa leseni ya serikali. Kwa ngozi inayowasha wanatumia mizizi ya gosam, na gamcho ambayo ni urukususi. Urukususi kweli unazuia kortizoli ya mwili wetu isivunjwe haraka. Lakini ukizidisha kuunywa, presha inapanda. Kwa hiyo hata Korea, muti bila kipimo ni hatari.

Na neno "asili" peke yake haitoshi. Mwaka 1999 watafiti wa Uingereza walipima pomadi 11 zilizouzwa kama mimea ya Kichina kwa ekzema. Ndani ya 8 walikuta deksametazoni, dawa ya kiwanda ya familia ile ile ya kortizoni. Wagonjwa walifikiri majani njo yanawaponya.

Na muravumba ya Tate? Sikutegemea kukuta kitu, lakini nilikuta, na si mbali. Mu miaka ya 1980, kule Butare, Rwanda, mukemia Mubelgiji Luc Van Puyvelde na wenzake walitoa ndani ya Tetradenia riparia kiini chenye kinapigana na mikrobi. Ngozi ya ekzema inapenda kushikwa na mikrobi pale imekwaruzwa. Basi Tate hakuwa anacheza. Lakini kiini mu maabara si maji ya kuogesha mutoto, na hakuna anayejua Tate alikuwa anaweka kiasi gani. Ikiwa nyingi, ingeweza kuchoma ngozi iliyo wazi. Labda njo sababu ya zile siku mutoto alilia zaidi.

Muniruhusu niseme tunachofanya nyumbani sasa, juu wengi wenu muko wazazi ao mutakuwa. Munganga alitushusha polepole kutoka ile pomadi kali mpaka hidrokortizoni nyepesi, kwa siku chache wakati ngozi imewaka tu. Musiache pomadi kali ghafla mukiwa peke yenu, mumuone munganga. Kuogesha ni dakika chache, maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo na harufu. Ngozi ingali na unyevu, tunapakaa vazelini, na tunarudilia mara nyingi kwa siku, hata kama hakuna kidonda. Kucha fupi. Nguo ya pamba. Ngozi ikitoa maji ya manjano na mutoto akipata homa, ni haraka hospitali.

Na kipimo cha pomadi ya dawa? Kiko kwenye mukono wenu. Mwaka 1991 Long na Finlay, baganga wa Wales, walikiandika: kamua mustari moja wa pomadi kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mutu mukubwa mpaka kwenye kiungo cha kwanza. Ni kama nusu gramu, na inatosha sehemu ya ngozi sawa na viganja 2 vya mutu mukubwa pamoja na vidole vyake. Bibi yangu alijifunza hiyo dakika moja. Mbele tulikuwa tunachota kikopo na vidole vitatu.

Mutoto anatembea sasa. Ngozi ya mashavu imeanza kurudi, mishipa midogo ingali inaonekana kidogo. Usiku mwingi analala.

Juma iliyopita nilichukua mizani yangu ndogo ya mbegu, nikaenda kwa Tate. Nikamuomba achume muravumba kama vile alikuwa anachuma kwa mutoto, mara tatu. Nikapima: gramu 38, gramu 61, gramu 45. Akaniangalia, akacheka: "Sasa unapima mukono wangu?" Nikamwambia ndiyo, Tate, njo ninachopima. Nikaandika zote tatu mu kaye, na jina ya muti, na siku, na kiasi cha maji.

Wenye bado muko na tate nyumbani, mizani ya mbegu si bei. Na wenzetu wa kemia na wa medsini mu hii asosiasio, mutuambie: kaye kama hiyo, tuiandike namna gani ili iwasaidie?