Grizeofulvini: kinini iliyotoka kwenye udongo

Wandugu, sisi wa agronomia hatuzoei kusemea kinini za watu. Lakini hii ilipita kwetu kwanza.

Mwaka 1939, kule London, Oxford, Raistrick na Simonart waliitoa katika kuvu Penicillium griseofulvum. Haikuanza mara moja kutibu watu. Miaka ya 1940, Brian na wenzake walikuwa wanachunguza udongo wa Wareham, Uingereza, pale miti ya misonobari ilikataa kukua. Wakapata kitu kinachokunja nyuzi za kuvu zingine. Mwaka 1947 ikajulikana ni ile ile grizeofulvini. Wakaijaribu kwa kukinga mimea. Ni mwaka 1958 tu ndipo Gentles, wa Glasgow, aliwalisha simbilisi wenye mapunye, wakapona. Kisha ikafika kwa watu.

Sasa, juu ya nini inakunywewa muda murefu vile? Grizeofulvini haiui kuvu mbio. Inaingia katika ngozi, nywele na kucha mpya, inazuia kuvu kukua humo. Lazima kungoja ile ya zamani itoke yote: mapunye ya kichwa wiki 6 mpaka 8, kucha za mikono karibu miezi 6, za miguu mwaka ao zaidi.

Na hapo ndipo ngozi inaweza kulipa. Wengine wanatoka upele, mwili unawasha. Wengine jua linawachoma kuliko zamani. Mwenye lupus, ugonjwa wake unaweza kuzidi.

Historia ikajirudia kwa dawa ingine, vorikonazoli, iliyokubaliwa mwaka 2002. Inaokoa watu wenye kuvu kali ya mapafu. Lakini kwa wale waliokunywa miezi na miaka, zaidi sana waliopandikizwa mapafu, waganga waliona ngozi inaungua na jua, na kisha kwa wengine kansere ya ngozi. Kansere ya namna hiyo haionekani katika wiki za kwanza.

Kwa shamba, ukipuliza dawa unarudi kuangalia majani. Kwa mwili, wengi wanauziwa kinini sokoni na hakuna anayerudi kuwaangalia. Uso, shingo na mikono vikiwa vyekundu pale jua linapiga, usifikiri tu kwamba kuvu imerudi, ukaongeza kinini. Ficha ngozi na jua, umwone muganga, umwambie umekunywa nini na tangu lini.